Paka si najisi, lakini je, amechanjwa?

Bibi mmoja alimleta zahanatini kwetu mjukuu wake wa miaka saba, mkono umevimba. Paka wao wa nyumbani alikuwa amemng'ata. Bibi alishapaka ndimu na chumvi, sasa alitaka dawa ya kidonda tu. Nilipomuuliza kama paka yule amechanjwa, alicheka. "Mwanangu, paka naye huchanjwa? Kile si kichaa cha mbwa?"

Jina hilo ndilo linalotuponza. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na mate yake humwambukiza mtu kama ya mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukawaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, maana kwetu chanjo haikuwepo. Paka mwenyewe alishatoweka, hivyo hakuwepo wa kuangaliwa kwa siku 10. Alhamdulillahi, mtoto alimaliza sindano zake na yu mzima. Bibi aliuza kuku wake kwa ajili ya nauli.

Siku ile nilirudi nyumbani kwa haya, kwani paka wangu naye hakuwa amechanjwa.

Madrasa tulisoma habari ya Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mnyama huyu si najisi. Hukumu hiyo ni ya tohara. Haisemi kwamba paka haugui, na wengi wetu tumeyachanganya mawili haya. Tena tunamjua yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Mnyama uliyemweka ndani ana haki juu yako.

Basi nilimtia wangu kwenye kapu lenye mfuniko, nikatandika kanga kuukuu aliyozoea kulalia, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alimpima uzito, akatazama ufizi, meno na masikio, akampapasa tumbo. Joto lake lilifika nyuzi 38 na nusu. Nikadhani ana homa, kumbe kwa paka ndiyo kawaida. Akapewa dawa ya minyoo kulingana na uzito, na chanjo. Mtoto wa paka huchanjwa akifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha hufuatwa tarehe za kwenye kadi.

Jambo moja lilinishtua, mimi ninayeandika panado kila siku: kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa ile, na damu hushindwa kubeba hewa. Msimpe dawa za watu.

Mama mjamzito asizoe mavi ya paka. Mwingine ayazoe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma vilivyomo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza.

Ulizeni ofisi ya mifugo ya kata au wilaya. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huwa na kampeni za chanjo. Pelekeni na paka, ila kapu lifungwe vizuri, maana mbwa huwa wengi.