Gemu za zamani zarudi na sura mpya, kaseti za kwanza bado zimo mikononi

Kijana anayeomba leo anunuliwe gemu mpya huenda anaomba ile ile aliyoicheza mjomba wake zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Makampuni ya Japani na Marekani yametambua kuwa ghala lao la zamani lingali na soko, hivyo huitoa kazi ya kale, huing'arisha na kuiuza tena kwa wenye mitambo mipya na runinga bapa.

Kuing'arisha si kazi nyepesi. Gemu za miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa runinga nene zenye umbo la karibu mraba. Picha hiyo ikitandazwa katika runinga pana ya leo yenye mistari 1,080, kuta hugeuka mabaka ya rangi na nyuso hupoteza macho. Fundi huchora upya nguo, mawe na majani, huipanua picha ubavuni na kuisafisha sauti. Hayo yote huhitaji maandishi ya awali ya programu, ambayo wenyewe hawayatunzi daima. Konami ilipotoa upya gemu mbili za Silent Hill mwaka 2012 (ni za kutisha, na hazifai watoto), mafundi walikabidhiwa maandishi yasiyokuwa ya toleo la mwisho. Wakajikuta wakirekebisha makosa yaliyokwisha kurekebishwa zamani, na ukungu uliokuwa sifa ya gemu zile ukatoka umeharibika.

Lakini mwenye kuchora upya hupata pia nafasi ya kufuta, na hapo ndipo penye habari kwa familia ya Kiislamu.

Mwaka 1998 Nintendo ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time kwa mtambo wake wa Nintendo 64. Ni kisa cha mvulana shujaa, na hadi leo ni miongoni mwa gemu zinazosifiwa zaidi duniani. Katika kaseti za mwanzo, muziki wa hekalu la moto ulichanganywa na sauti za Kiarabu zenye mahadhi ya ibada ya Kiislamu. Tamko la ibada likawa pambo la pango la joka! Nintendo ilikuwa na kanuni ya kutoingiza mambo ya dini katika gemu zake, na matoleo yaliyofuata yakawekewa sauti nyingine.

Alama ya pili ilidumu zaidi. Wagerudo, kabila la wanawake wezi wa jangwani, walipewa nembo ya hilali na nyota, ikachorwa hata juu ya ngao ya kioo anayobeba shujaa. Katika toleo lililochorwa upya kwa mtambo wa Nintendo 3DS mwaka 2011, nembo hiyo imebadilishwa. Ni kweli kwamba hilali si nguzo ya dini yetu. Hata hivyo, imesimama juu ya minara ya misikiti na katika bendera za Uturuki na Pakistan, na mtoto huitambua kabla hajajua kusoma. Kuiona ikiwatambulisha wezi ni somo ambalo mzazi hakulipanga. Nembo imeondoka, lakini wezi wa jangwani wamebaki, pamoja na mavazi yao ya kuigiza Mashariki ya Kati. Brashi ya fundi haikufika huko.

Wala toleo jipya haliisahihishi kaseti ya zamani. Kaseti za 1998 zingali zikiuzwa kama mitumba, na nakala zake hupita mkono kwa mkono katika simu zenye programu za kuiga mtambo ule. Jina la gemu ni moja, kwa hiyo mzazi atazame mwaka wa toleo na mtambo uliokusudiwa, kisha aketi na mwanawe walau saa moja akisikiliza na kutazama.

Malalamiko nayo hufika. Mwaka 2012 Waislamu walilalamikia Call of Duty: Modern Warfare 2, gemu ya watu wazima iliyotoka mwaka 2009: katika uwanja mmoja, fremu ya picha iliyotundikwa chooni ilikuwa na maandishi ya Kiarabu yenye jina la Allah. Activision iliuondoa uwanja huo, na baadaye ukarudishwa bila maandishi hayo.