Baba Naye Aulizwe

Ndugu zetu wa vikundi,

Tukipata habari ya mtoto anayeteseka, iwe Ronge Juu au Ronge Nyika, sisi wafanyakazi wa jamii huenda moja kwa moja kwa mama. Yeye ndiye tunayemkuta nyumbani, na ndiye tunayemjua kutoka kliniki na kikundini. Tunamshauri, na mara nyingine tunamlaumu. Kwa baba tunaandika neno moja tu kwenye faili: "hayupo".

Kuna nyumba moja tuliifuata miezi mitano. Kijana wa darasa la tano alikuwa ameacha shule anachoma makaa. Tulienda mara nne, zote siku za kazi. Majirani walituambia baba ni mlevi, yuko Mombasa, hajali. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa kibarua katika mkonge hapo Mwatate tu, na kila mwisho wa mwezi Jumapili alikuwa nyumbani! Alikuwa akituma pesa za daftari na sare, wala hakuna aliyemwambia mtoto haendi shule. Tulipokaa naye hatimaye alituuliza, "Mmekuja kwangu mara nne, mbona mimi sikuitwa?" Hatukuwa na jibu. Juma lililofuata alimrudisha kijana shuleni yeye mwenyewe.

Si ati akina baba wote wako hivyo. Lakini baba akiitwa kwa barua ya chifu, anajua ameshashtakiwa, basi anajificha. Sisi siku hizi twaenda Jumapili alasiri, ama twampigia simu kwanza, na swali la kwanza si kosa lake. Twamwuliza mtoto anapenda nini, rafiki zake ni akina nani. Wengine hawajui, nao huona haya wenyewe. Tukimkuta amelewa, twaondoka na kurudi siku nyingine.

Sheria nayo iko wazi. Ile ya watoto ya 2001 ilimwachia mama mzigo kwanza kama wazazi hawakuoana, na mpaka leo utasikia mtu akisema, "Huyo ni mtoto wa mama yake." Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imeshikilia hayo hayo. Kwa hiyo baba hatusaidii kazi yetu anapokuja kikaoni. Amekuja kwa kazi yake.

Hapa nyinyi mwaweza kutusaidia sana, maana mwajua baba fulani hurudi lini na anamsikiliza nani, pengine mjomba au rafiki wa kazini.

Lakini kama baba mwenyewe ndiye anayempiga mtoto vibaya au kumnajisi, msimwite kikaoni, wala msimwonye mbele, maana atamtisha mtoto anyamaze. Kunajisi mtoto ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2006, halimalizwi kwa mbuzi wala kwa wazee wa pande mbili kusameheana. Mtoto apelekwe hospitali mapema kabla ya kuogeshwa, nguo alizovaa zihifadhiwe, na habari zifike polisi na kwa afisa wa watoto. Simu ya 116 ni ya bure, mchana na usiku.