Unapanda Goba kwa baiskeli? Usipuuze kifua kinachobana

Ukipita Tangi Bovu Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utawaona. Wengine wamevaa kofia ngumu na kaptura za kubana, wengine fulana ya kawaida na raba za kuendea sokoni, wanakata kona kutoka Barabara ya Bagamoyo kuelekea Goba. Zamani ningekuambia hao ni vijana wa mashindano. Siku hizi wengi ni watu wa rika langu, waliovuka arobaini, na baadhi yao nawaona tena katikati ya wiki wakiwa wameketi mbele ya meza yangu kliniki.

Nami ni mmoja wao. Nilinunua baiskeli nikiwa na miaka 43, wiki mbili baada ya muuguzi ninayefanya naye kazi kunifunga kipimo cha presha mkononi kwa utani, tukijaribu mashine mpya. Ikasoma 148 kwa 94. Tukarudia mara tatu, na siku zilizofuata pia, haikushuka. Daktari anayewahimiza wenzake kila siku wafanye mazoezi alikuwa akiwasha gari kwenda duka la mtaa wa pili. Kwa hiyo ninayokuandikia leo sikuyasoma vitabuni tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Baiskeli ni njia nzuri ya kuzipata, hasa kwa mwenye uzito mkubwa na magoti yanayolalamika, kwa sababu kiti ndicho kinachobeba mwili. Misuli mikubwa ya mapaja inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake imechoka. Presha nayo hupungua kidogo kidogo kadiri wiki zinavyopita. Hayo pengine unayajua. Wasilolijua wengi ni kwamba mlima si mazoezi ya wastani.

Eneo hili la kaskazini mwa Dar es Salaam lina sura mbili. Upande wa bahari, kuanzia mitaa ya ndani ya Mbezi Beach kwenda Kunduchi, Ununio na Mbweni, ardhi ni tambarare na upepo wa bahari unakupoza. Vuka Barabara ya Bagamoyo uende upande wa pili, ardhi inaanza kuinuka: Makongo Juu, Goba, Madale, Wazo. Kutoka Tangi Bovu hadi Goba ni kama kilomita 9. Ukifika huko unaweza kushukia Madale na Wazo hadi Tegeta Kibaoni, kisha ukarudi ulikotoka kwa barabara kuu. Ukiwa ndani ya gari njia hiyo inaonekana ya kawaida tu. Kwa baiskeli unagundua kwamba inapanda, inashuka bondeni, halafu inapanda tena, na kila ulichokishuka utakilipa mbele.

Kwenye tambarare moyo wako huongeza kasi taratibu. Kwenye mpando mkali unaweza kutoka mapigo 110 hadi 160 kwa dakika kabla hujafika mtaa unaofuata. Mtu aliyezoea hapati shida. Mtu aliyekaa ofisini miaka kumi na tano, mwenye presha asiyoijua, anaudai moyo kazi ambayo huenda mishipa yake haiwezi kuilisha. Akizidisha kwa kuubana usukani kwa nguvu zote na kuzuia pumzi, kama tufanyavyo wengi mlima ukituzidi, presha hupaa zaidi.

Hapo ndipo namkumbuka mgonjwa mmoja, aliyeniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, havuti sigara, mwembamba, anapenda baiskeli kuliko gari lake. Alinijia akilalamika kiungulia. Nilimuuliza habari za pilipili, chai ya maziwa na kulala akiwa ameshiba, nikamwandikia dawa ya tumbo, akaondoka. Baada ya mwezi alirudi. Dawa haikusaidia. Nilipokuwa naandika, akasema kwa kucheka, "Daktari, gesi hii ina adabu. Inanijia palepale, kwenye mpando wa pili kabla ya Goba. Nikisimama kwenye genge la matunda dakika tano, inaondoka."

Niliweka kalamu chini. Kiungulia hakijui mpando wa pili. Maumivu yanayokuja kila mara kwa kiwango kilekile cha kazi, na kuondoka ukipumzika, ni sauti ya mshipa wa moyo uliopungua njia. Kosa la kutouliza mara ya kwanza maumivu yanaanza saa ngapi na unafanya nini lilikuwa langu, na sijalirudia tena. Nilimpa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Walikuta mshipa mmoja umeziba kwa sehemu kubwa, wakauzibua na kuweka kijibomba cha kuushikilia uwe wazi.

Kwa hiyo, msomaji, naomba uyasikilize maneno ya mwili wako kwa makini kuliko nilivyoyasikiliza mimi siku ile. Kubanwa au kuungua katikati ya kifua, uzito unaopanda shingoni, kwenye taya au kushuka mkono, pumzi kukata kuliko wenzako wa rika lako, kizunguzungu unapopanda: ukipata hata mojawapo mlimani, shuka kwenye baiskeli. Likiondoka, usimalizie njia. Rudi taratibu au upakiwe, na wiki hiyohiyo umwone daktari. Likikaa zaidi ya dakika kumi hali umepumzika, au likija na jasho la baridi na kichefuchefu, hiyo ni dharura. Uende hospitali kwa gari, si kwa kujiendesha, na kama huna mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, tafuna kidonge kimoja cha miligramu 300 ukiwa njiani. Wanawake na wenye kisukari wawe waangalifu zaidi, kwani kwetu dalili mara nyingine ni uchovu wa ajabu na pumzi fupi tu, kifua hakiumi kabisa.

Utajuaje kwamba unakanyaga kwa kiasi? Huna haja ya saa ya bei mbaya. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukijibu kwa neno mojamoja, umeingia kwenye uzito. Tumia gia nyepesi mapema, kabla mlima haujaanza kuuma, miguu izunguke haraka bila kusukuma kwa nguvu. Magoti yako yatakushukuru. Na kushuka ukaikokota baiskeli si aibu. Mimi nimeikokota Makongo Juu mbele ya watoto wa shule wakinishangilia.

Wanaotumia dawa wana ya ziada. Atenolol, bisoprolol na jamaa zake huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo usiyahesabu mapigo ukadhani hujachoka. Tumia kipimo cha kuongea. Vidonge vya presha vinavyokojoza hupunguza maji na chumvi mwilini, na ukichanganya na jasho la mwezi wa pili unaweza kuanguka ukisimama ghafla. Usiviache kwa sababu ya baiskeli. Muulize daktari wako namna ya kuvipanga. Anayejidunga insulini au kumeza glibenclamide asipande mlima na tumbo tupu: apime sukari kabla ya kutoka, na mfukoni awe na glukosi au hata soda ya kawaida yenye sukari. Kutetemeka, jasho la ghafla na hasira zisizo na sababu ni dalili za sukari kushuka. Asimame na kunywa palepale.

Joto letu nalo lina ujanja wake. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ya pwani imejaa unyevu, hivyo jasho linatiririka bila kukauka na mwili unabaki na moto wake. Kuanzia Desemba hadi Machi, uwe umerudi nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi. Juni hadi Agosti unaweza kuchelewa kidogo. Kunywa kwa mafunda njiani, nusu lita hadi robo tatu kwa saa moja inawatosha wengi. Kujijaza lita tatu za maji matupu kwa mkupuo nako ni hatari. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba, mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mtafutieni gari. Panadol haishushi joto la aina hiyo.

Mteremko wa Wazo sina hamu nao sana. Barabara ile ina malori ya saruji, na baada ya mvua mchanga wa pembeni hutandazwa kwenye lami, hasa konani. Breki zijaribiwe nyumbani, si pale. Punguza mwendo kabla ya kona, na kofia ngumu ifungwe mkanda chini ya kidevu. Kofia iliyolegea ni pambo tu. Kina mama, khanga na sketi ndefu zikae mbali na mnyororo, suruali ya ndani itakusitiri vizuri tu.

Ukiwa unaanza, au umevuka arobaini na hujapima presha na sukari mwaka huu, pima kwanza, kisha kaa upande wa bahari kwa wiki sita hadi nane. Ununio hadi Mbweni na kurudi, mara tatu kwa wiki, nusu saa ikue hadi saa nzima. Kiti kipandishwe hadi kisigino kikigusa pedali ya chini mguu uwe umenyooka. Wengi wanaouma magoti wamekalia kiti kilichoshushwa mno. Halafu ujaribu mpando wa kwanza wa Goba, urudi. Wa pili uusubiri.

Presha yangu sasa inacheza kwenye 130 kwa 84, nikiwa na kidonge kimoja badala ya viwili. Yule mzee alikaa miezi mitatu bila baiskeli, akafanya mazoezi aliyopangiwa na wataalamu wake, na sasa wamemruhusu tambarare peke yake. Anameza dawa zake kila siku na chupa ya dawa ya kupuliza chini ya ulimi haimtoki mfukoni. Goba amenunulia ndizi mara moja tu tangu wakati huo, kwenye lile genge. Alikwenda kwa daladala.