Galveston, Mji Ulioinuliwa Juu ya Mchanga

Katika Ghuba ya Mexico, upande wa Texas huko Marekani, kimo kisiwa chembamba cha mchanga, na juu yake umejengwa mji wa Galveston. Zamani mji huo ulitajirika kwa bandari yake iliyosafirisha pamba. Tena ni hapo, tarehe 19 Juni, 1865, Jemadari Gordon Granger alipotangaza kuwa watumwa wote wa Texas ni watu huru.

Tarehe 8 Septemba, 1900, tufani kuu iliifunika Galveston kwa maji ya bahari, wakafa watu 6,000 au zaidi. Waliosalia hawakukata tamaa. Walijenga ukuta wa saruji wenye kimo cha futi 17, kisha wakainua majumba zaidi ya 2,000 kwa jeki na kujaza mchanga chini yake. Tufani nyingine ilipokuja mwaka 1915, ukuta ulisimama imara.

Lakini biashara haikungoja. Mwaka 1914 mfereji wa Houston ulifunguliwa, na meli nyingi zikahamia huko. Leo Galveston hupata riziki kwa bandari, chuo cha udaktari, na zaidi kwa wageni wajao kuogelea na kutazama majumba ya kale ya mtaa wa Strand. Jioni wageni hao hutembea kwa raha juu ya ukuta ule ule uliozaliwa na msiba.