Koyoti wa jangwani: Risasi peke yake haiokoi zizi

SAA 10 alfajiri mwezi Juni, katika jangwa la Sonora kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, mwindaji wa koyoti huwa tayari yuko njiani. Ndani ya gari lake kuna bunduki yenye darubini, filimbi ya kuigiza kilio cha sungura aliyeumia, na madumu ya maji. Ana saa chache tu za kufanya kazi. Ifikapo saa 3 asubuhi jua litakuwa limeshakuwa kali, na mchana joto hupita nyuzi 40 za Sentigredi.

Koyoti ni mnyama wa jamii ya mbwa, jamaa wa bweha anayejulikana vema na wafugaji wa Afrika Mashariki. Wale wa jangwani ni wadogo, wengi wao wakiwa na uzito wa kilo 9 hadi 14 hivi. Hula karibu kila kitu: sungura, panya, wadudu, mizoga na hata maganda ya mti wa mesquite, ndugu wa mathenge unaowasumbua wafugaji wa Baringo nchini Kenya. Tatizo huanza anapozoea kula ndama wachanga, mbuzi na kondoo.

Hasara hiyo si ndogo. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba, kati ya kondoo wanaouawa na wanyama wakali nchini humo, zaidi ya nusu huuawa na koyoti. Anayeumia zaidi ni mfugaji mdogo, kwa kuwa wana-kondoo watano wakipotea katika kundi la wana-kondoo 40, faida ya msimu inaweza kupotea pamoja nao.

Kwa nini kiangazi?

Ngozi ya koyoti huwa na manyoya mazuri wakati wa baridi, hasa kuanzia Novemba. Kiangazi manyoya hunyonyoka na ngozi haina soko. Biashara yenyewe pia imeyumba, kwani kampuni ya Canada Goose, iliyokuwa ikitumia manyoya ya koyoti kwenye kofia za makoti yake, ilitangaza mwaka 2021 kwamba ingeacha kutengeneza nguo za manyoya kufikia mwisho wa mwaka 2022. Kwa hiyo anayewinda Juni au Julai hafuati ngozi. Mara nyingi analinda mifugo yake au ya jirani.

Sababu ya pili ni uzazi. Koyoti hupandana kati ya Januari na Machi, na baada ya siku 63 hivi jike huzaa watoto, kwa kawaida watano hadi saba. Kufikia Mei na Juni watoto hao wanahitaji nyama nyingi, na wazazi hutafuta mawindo makubwa kuliko panya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 kuhusu koyoti wa jimbo la Wyoming ulionyesha kwamba watoto walipoondolewa pangoni, mauaji ya wana-kondoo yalipungua sana hata pale wazazi walipoachwa hai.

Jinsi kazi inavyofanyika

Wakati wa joto koyoti hupumzika kivulini, hasa kwenye makorongo ya mito mikavu yenye vichaka, na hawaendi mbali na maji. Kwa hiyo mwindaji hutafuta nyayo kuzunguka mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Hata hivyo, sheria ya Arizona inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, yaani takriban mita 400, kutoka kwenye maji ya pekee ya eneo kwa namna inayozuia wanyama kuyafikia.

Gari huachwa mbali na kufichwa. Mwindaji huketi kivulini, jua likiwa mgongoni, na kupuliza filimbi kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuhamia sehemu nyingine. Jambo la msingi ni upepo. Koyoti akisikia kilio huzunguka hadi upande unakoelekea upepo ili anuse kwanza, na akipata harufu ya binadamu hutoweka. Ndiyo maana wengi huwinda wawili wawili, mmoja akipuliza na mwenzake akilinda upande huo.

Joto nalo halina mchezo. Mwaka 2023 jiji la Phoenix lilipitisha siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 au zaidi. Mtu akiharibikiwa gari porini katika hali hiyo anaweza kufa siku hiyo hiyo. Wazoefu hubeba angalau lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku, humwachia mtu nyumbani taarifa ya wanakokwenda, na wakikwama hubaki karibu na gari. Aidha, nyoka wenye njuga mkiani hutoka alfajiri na usiku, muda ule ule wa uwindaji. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba ni msimu wa mvua za ghafla, na korongo lililokuwa kavu linaweza kujaa maji kwa dakika chache.

Hesabu inakataa

Je, kazi yote hiyo inalipa? Serikali ya Marekani imekuwa ikipambana na wanyama hawa chini ya sheria ya mwaka 1931, na katika miaka mingi ya karibuni idara yake husika imeua zaidi ya koyoti 50,000 kwa mwaka. Jimbo la Utah lilianza mwaka 2012 mpango wa kuwalipa wawindaji dola 50 kwa kila koyoti, likilenga kulinda swala wake. Pamoja na hayo, koyoti wameenea karibu nchi nzima, mpaka ndani ya miji mikubwa.

Watafiti wa California walipiga hesabu mwaka 1975 na kukadiria kwamba ili idadi ya koyoti ishuke kwa muda mrefu, lazima takriban asilimia 75 yao waondolewe kila mwaka. Wakiuawa pungufu ya hapo, waliobaki hupata chakula cha kutosha, watoto wengi zaidi hupona, na wageni huhamia kwenye nafasi zilizoachwa wazi.

Utafiti mwingine, uliofanywa miaka ya 1990 katika kituo cha Hopland huko California, uligundua kwamba wauaji wakubwa wa kondoo walikuwa dume na jike wanaomiliki eneo. Vijana wanaozurura hawakuwa na hatia kubwa. Maana yake ni kwamba mfugaji anayepiga kila koyoti anayemwona anaweza kumaliza risasi na mafuta ya gari bila kumgusa mhalifu.

Hoja ya huruma nayo ina uzito, kwani mama akipigwa Mei au Juni, watoto hubaki pangoni wakifa kwa njaa. Mashindano ya kuua koyoti yalipigwa marufuku New Mexico na Arizona mwaka 2019. Mfugaji anayelinda mali yake hakukatazwa kuwinda kwa kufuata sheria.

Cha kufanya zizini

Wafugaji wengi wa Marekani wamejifunza kuiweka bunduki mahali pake, kama silaha ya mwisho. Kuanzia miaka ya 1970 walianza kutumia kwa wingi mbwa wakubwa wa kulinda kundi, wa asili ya Ulaya na Uturuki, wanaolelewa na kondoo tangu wakiwa watoto. Mbinu hiyo ilifika Namibia, ambako tangu mwaka 1994 shirika la kuhifadhi duma limekuwa likiwapatia wafugaji mbwa wa aina hiyo dhidi ya duma na bweha. Mbwa hao wanahitaji chakula, chanjo na uangalizi, lakini wapo kazini usiku kucha.

Mfugaji anayesumbuliwa na bweha anaweza kuanza na hatua zisizo na gharama kubwa. Alaze mifugo zizini, na wanaokaribia kuzaa awaweke karibu na nyumba. Azike au achome mizoga, ili mnyama asizoee ladha ya mifugo. Aukague pia mzoga kabla ya kulaumu: mwana-kondoo aliyeuawa kwa meno huwa na matundu shingoni na damu iliyovilia chini ya ngozi, lakini aliyekufa kwa ugonjwa kisha akaliwa hana damu hiyo. Akikosea hapo atamwinda bweha huku ugonjwa ukiendelea kumaliza kundi.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Huko Arizona, mwindaji anayerudi saa 3 asubuhi mikono mitupu amekwishatumia mafuta na maji, na usiku ukiingia kundi lake bado linahitaji zizi imara na mbwa wa kulilinda.