Mpango wa Machaguo ya Mifumo ya Mafaili katika Kiini cha Linux

Kiini cha mfumo wa uendeshaji ni ile programu isimamayo kati ya mitambo ya kompyuta na programu nyingine zote. Kiini kiitwacho Linux, kilichoanzwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa kwa watu wote katika hali ya maandishi, na kila atakaye aweza kujiundia chake kwa kuchagua sehemu azihitajizo na kuziacha nyingine. Miongoni mwa sehemu hizo ni mifumo ya mafaili, yaani kanuni za kuyapanga mafaili katika diski au kuyafikia kwa njia ya mtandao. Mifumo hiyo yafika makumi, wala hapana mtu aihitajiye yote. Hapana budi, basi, machaguo yake yapangwe. Na atazamaye mpango huo ataona kwamba shida zake ni zile zile za mtunga kamusi.

Tangu mwaka 2002 machaguo ya kiini huandikwa kwa lugha ndogo iitwayo Kconfig, iliyotungwa na Roman Zippel. Kila chaguo lina jina na aina yake, na kwa kawaida lina swali fupi na maelezo. Mfumo wa mafaili kwa kawaida hupewa moja la majibu matatu: y, uundwe ndani ya kiini chenyewe, m, uundwe kando kama moduli ya kupakiwa wakati wa haja, n, usiundwe kabisa.

Machaguo huunganishwa kwa mahusiano mawili yapasayo kutofautishwa. La kwanza ni la sharti, nalo huandikwa "depends on": NFS, mfumo wa mafaili ya mtandaoni, hauonyeshwi kwa mchaguzi isipokuwa uwezo wa mtandao umekwisha kuchaguliwa. La pili ni la kulazimisha, nalo huandikwa "select": achaguaye ext4 huletewa pia JBD2, sehemu itunzayo daftari la mabadiliko ya diski, bila ya kuulizwa. Uhusiano huu wa pili una hatari, kwa kuwa haujali masharti ya kile kinacholazimishwa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Kconfig huagiza utumiwe kwa uangalifu.

Mahusiano hayo ni kwa ajili ya mashine. Kwa ajili ya mwanadamu vimewekwa vichwa vya menyu, na hapa ndipo ugumu wa kuainisha unapodhihirika, maana vigezo vyake si vya namna moja. Kichwa cha mifumo ya sidii na dividii chafuata chombo cha kuhifadhia. Kile cha DOS, FAT na NT chafuata asili. Kile cha mtandao chafuata mahali mafaili yalipo. Na cha mifumo isiyo ya diski, kama proc, chafuata tabia yake. Mingi kati ya iliyobaki hutiwa chini ya kichwa cha "mengineyo". Humo umo mfumo wa Minix, ambao ndio uliokuwa wa kwanza kutumiwa na Linux. Kwa hiyo kuwekwa humo si dalili ya udogo wa historia. Ni dalili tu kwamba leo wachache huuhitaji.

Hapo zamani maelezo ya mifumo karibu yote yalikuwa katika faili moja refu. Mwaka 2009 Alexey Dobriyan aliyagawa, kila mfumo ukapata faili lake ndani ya saraka yake, na faili kuu likabaki na kazi ya kuyataja kwa utaratibu. Faida yake yaeleweka: autunzaye mfumo ndiye autungiaye maelezo, na vichwa vyaweza kupangwa upya pasipo kuyagusa maelezo hayo.

Lakini jina likishatumiwa na watu si rahisi kulifuta. Mwaka 2015 maandishi ya ext3 yaliondolewa, kwa kuwa ext4 yaweza kuzisoma diski zake. Hata hivyo jina la chaguo la ext3 liliachwa, kazi yake ikiwa kuita ext4 tu, ili orodha za zamani za watumiaji zisivunjike. Ni mfano kamili wa kidahizo kisemacho "tazama".

Kosa katika kuchagua si jambo dogo. Mtu akiujibu m mfumo wa diski yenye mafaili ya msingi, wala asiiweke moduli yake katika furushi la kuanzia, kiini hakitaweza kuifungua diski ile. Nayo moduli ya kuifungulia imo ndani yake. Kompyuta haitaanza. Menyu nzuri haiwezi kumzuia mtu asikosee hivyo, ila maelezo yaliyoandikwa mahali pake yaweza kumwonya kabla hajajibu.