Tangi la Matibabu kwa Samaki wa Mapambo: Maandalizi na Tahadhari

Samaki wa mapambo anapoacha kula, anapokunja mapezi au anapohemea karibu na uso wa maji, wafugaji wengi humimina dawa moja kwa moja katika tangi kuu. Hatua hiyo huweza kuleta hasara kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Baadhi ya dawa huua bakteria wa manufaa wanaoishi katika chujio na changarawe, ambao hugeuza amonia inayotolewa na samaki kuwa naitriti na hatimaye naitreti, yenye madhara madogo zaidi. Dawa zenye shaba huua konokono na kamba wadogo, na mawe ya chokaa hufyonza sehemu ya shaba hiyo hata kipimo kisiaminike tena.

Kwa sababu hiyo mgonjwa hutengwa. Tangi la lita 40 hadi 60 hutosha kwa samaki wadogo. Halihitaji changarawe wala mimea. Sakafu tupu hurahisisha kuondoa kinyesi na mabaki ya chakula. Vinavyohitajika ni pampu ya hewa, chujio la sifongo, hita, kipimajoto, kifuniko na kipande cha bomba la plastiki ambamo samaki atajificha. Kaboni haiwekwi katika chujio, kwani huondoa dawa majini. Maji ya kuanzia huchotwa katika tangi kuu ili joto na kemia yake visibadilike ghafla, na ya bomba huondolewa klorini kwanza.

Sifongo ndiyo huamua mengi. Ikiwa mpya, haina bakteria, na amonia huanza kupanda mara moja. Wafugaji makini huacha sifongo ya akiba katika tangi kuu kwa wiki kadhaa, kabla hata ugonjwa haujatokea.

Hatari ya amonia ni kubwa zaidi kwa samaki wa Ziwa Tanganyika wa jamii ya perege, ambao hufugwa kama mapambo katika nchi nyingi. Maji ya ziwa hilo ni ya alikali, yenye pH inayokaribia 9. Katika joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika hali yenye sumu kali. pH ikifika 9, kiwango hicho huzidi theluthi moja. Kupima amonia kila siku na kubadilisha sehemu ya maji ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kipimo cha dawa hufuata ujazo halisi wa maji. Tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, maji yakiwa na kina cha sentimita 25, lina lita 45, hata kama dukani liliuzwa kwa jina la lita 54. Zikibadilishwa lita 15, theluthi ya dawa imeondoka, na ndiyo inayorudishwa.

Si kila ugonjwa hutibika kwa kumtenga mmoja. Madoa meupe mithili ya chembe za chumvi husababishwa na kimelea ambacho, kikiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa hazikifikii. Hufa kinapoogelea majini kutafuta samaki mwingine. Dalili hizo zinapoonekana, tangi kuu limekwisha kuambukizwa, na samaki wote hutibiwa.

Antibiotiki zitumike kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwani matumizi holela hujenga usugu wa vimelea. Mwenye jeraha mkononi avae glavu, maana wapo bakteria wa samaki wanaoweza kuambukiza ngozi ya binadamu. Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji visitumike katika tangi kuu kabla ya kutakaswa kwa klorini, kusuuzwa na kukaushwa. Maji yenye dawa yasimwagwe mtoni, ziwani wala katika mfereji wa mvua, na samaki mgonjwa asiachiwe huko.